Boriti Tisa za Kibokoni

Mkiniona mwongo, kamuulizeni Kitsao mwenyewe, rafiki yangu wa kufa kuzikana. Ila msimtajie boriti.

Maxwell, mwenzake wa kazini kule reli, mtu wa bara, alipata nyumba kuukuu Kibokoni, ya kununua. Kitsao kapanga chumba miaka kumi na tisa, na wivu ukamchoma kama pilipili jichoni. Maxwell, maskini, akamwomba yeye yule amkagulie boriti zake, kwa kuwa babake Kitsao alikuwa mkata boriti. Boriti za dari hugongwa: ikilia nzito ni nzima, ikilia tupu imeliwa na mchwa.

Ilikuwa adhuhuri, lakini madirisha yamefungwa na ndani mna nusu giza. Kitsao akapanda kiti, akagonga kwa nyundo. Ngo! Kama jiwe.

"Imeoza hii," akasema.

"Hata hii, ndugu yangu?"

"Bwana Maxwell, utazikwa na kifusi hapa. Iache!"

Moyoni keshapanga: mwenzake akikimbia, ataichukua yeye. Akazigonga zote tisa. Zote nzima, na zote akazisingizia.

Alipoiweka nyundo chini, kukagongwa juu ya dari. Ngo, boriti ya kwanza. Ngo, ya pili. Maxwell alikuwa mbele yake, mikono mfukoni, na ngazi ya kwenda juu ilianguka zamani. Mlio ukaja polepole hadi boriti ya tisa, juu ya utosi wa Kitsao.

Hapo kukanyamaza, kama mtu aliyeuliza swali na sasa anangoja jibu.