Sukari Isibane, Isipwaye

Watu walimwita Fundi Rula, kwa kuwa mshono wake haukupata kupinda. Asubuhi ile alikuwa akikata suti ya bwana harusi. Ghafla mkasi ukamcheza mkononi. Jasho jembamba likamtoka.

"Mume wangu, umekula?" mkewe aliuliza, akiweka pasi chini.

"Nimemeza dawa. Inatosha. Kliniki nataka sukari yangu iwe ya chini kuliko ya wote."

Alikuwa ameanza matibabu ya kisukari cha aina ya pili wiki iliyopita tu.

"Huyu hata ugonjwa anataka awe wa kwanza!" mkewe alisema, akatoka mbio kumwita jirani yao muuguzi.

Muuguzi alimpima kidoleni. "Tatu nukta moja! Babu, kunywa haraka maji haya ya sukari."

Mkono ulipotulia, Fundi alijikohoza. "Tatu. Nani ameshusha kama mimi?"

"Hapa hakuna zawadi, babu. Chini ya nne ni hatari. Ungezidi kushuka, ungezimia, na mkasi mkononi. Niambie, suti nzuri ni ile ndogo kuliko zote?"

"La hasha! Ikibana, itapasuka. Ikipwaya, itamwaibisha mvaaji."

"Sukari nayo ni vivyo hivyo. Kwa wengi wenye kisukari, kabla ya kula iwe kati ya nne na saba. Saa mbili baada ya kula, isizidi kumi. Ila wazee wengi hulegezewa kidogo, maana dawa nyingine hushusha mno. Na dawa yako ni ya aina hiyo. Usiimeze ukakaa na njaa."

"Basi kipimo changu mimi ni kipi?"

"Hilo muulize daktari. Atakukatia kwa mwili wako."

Fundi alikwenda, akauliza. Daktari alimwekea tano hadi nane kabla ya kula. Akala kwa wakati, akatembea kila jioni, akajipima kama alivyoelekezwa.

Baada ya miezi mitatu, hospitali ilipima wastani wa sukari yake. "Mzee, umo ndani ya lengo," daktari alisema, akampa mkono.

Fundi Rula alitoka kifua mbele.

"Mbona unatembea kama aliyepewa cheo?" mkewe alicheka.

"Nimepewa, mke wangu. Leo mimi ni mtu wa katikati, na sioni haya."