Mshono Uliolegea

Kila alasiri, akitoka shule, Sindano alivua viatu mlangoni, akabandika maji ya chai jikoni, kisha akaingia chumbani kwa dada yake kutazama alichoshona. Dada ndiye aliyempachika jina hilo kwa wembamba wake. Dada alikuwa fundi cherehani hodari hadi maradhi yalipomla macho. Daktari alikwisha kusema bila kuficha kwamba macho hayatarudi. Sasa alishona foronya za nyumbani kwa mkono, kwa kupapasa, ameelekea ukuta.

Mishono yake ilikwenda upogo. Sindano hakuwa na moyo wa kumwambia. Alimsifu kwamba kazi ni safi, utadhani ana macho, kisha akaenda na foronya nyuma ya nyumba, akafumua na kushona upya. Dada alitabasamu akisifiwa, na tabasamu lilikuwa adimu katika nyumba ile.

Siku moja dada aliomba foronya ya juzi. Alipitisha kidole kwenye upindo polepole, akafika mwisho, akaanza tena.

"Huu si mkono wangu," alisema. "Mimi hukaza uzi. Huu umelegea."

Dada aliitupa foronya, akajifunika shuka gubigubi. Tangu hapo hakugusa uzi, na chakula alikidonoa tu. Mama alipombembeleza, alijibu kwamba mtu wa kudanganywa kama kichanga hana kazi tena duniani.

Sindano alimkimbilia mjomba wao, mchungaji, akamkuta anapaka rangi viti vya kanisa. Alimsimulia yote, akalia kwamba alitaka kumtia dada moyo tu. Mjomba aliweka brashi chini. Alimweleza kwamba Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Roma, alisema anatamani kuwafikia awaimarishe. Papo hapo akajirekebisha, akasema watiane moyo, wao na yeye. Kwa Kigiriki alitumia neno moja, sumparakaleo: kuitana, kila mmoja awe kando ya mwenzake.

"Mtume mzima alikiri kwamba naye anahitaji kutiwa moyo," alisema mjomba. "Wewe umempa dada yako sifa. Umewahi kumwomba chochote?"

Sindano alirudi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akakiri kila mshono alioufumua. Alikiri pia kwamba anaogopa kila akiingia chumbani humo.

"Na sketi yangu ya shule imechanika," alisema. "Nimeishona, ikaachia tena. Nifundishe, dada."

Kisha mkono ukatoka chini ya shuka, ukaipapasa sketi.

"Mshono wako umenyooka kama rula," dada alisema, "na hauna nguvu hata ya kuzuia upepo. Afadhali wa kipofu."

Walicheka, kicheko kikageuka kilio, wakashikana. Macho hayakurudi, na hadi leo zipo siku dada huelekea ukuta. Lakini jioni ile alikula, na kesho yake waliketi bega kwa bega, jicho la mmoja likinyoosha, mkono wa mwingine ukikaza.

Mjomba alipowakuta hivyo, alisimama dirishani.

"Uongo mtamu humwacha mtu peke yake," alimwambia Sindano. "Ukitaka kumtia mwenzako moyo, mwendee na ukweli, na moyo wako uliovunjika usiufiche, ili naye apate cha kukupa."

"Tumesikia, mjomba," dada alisema. "Sasa sogea, unamzibia mwenzangu mwanga."