Wembe Uliojikaza

Wembe aliulegeza mwenyewe. Hilo mkutubi angeliapia popote, mbele ya yeyote. Kila alipomaliza kukata nakshi zake alikuwa na utaratibu asioukosea: anazima msumeno wake wa umeme, anachomoa waya ukutani, anarudisha nyuma ile skrubu ya kukazia mizunguko miwili ili wembe upumzike, anapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, halafu anasugua bamba kwa nta lisishike kutu. Wembe mwembamba namna ile, mwembamba kama uzi wa kushonea, ukiachwa umekazwa usiku kucha hufa kabla ya siku zake. Alifundishwa hivyo na wifi yake siku ya kwanza kabisa.

Sasa Jumatatu karudi kula chakula cha mchana, kapita chumba cha uani walikoweka msumeno, kaugusa wembe kwa ukucha bila hata kufikiri. Ting.

Ulikuwa umekazwa barabara, ukilia sauti ile safi wanayoitafuta wakataji kabla ya kuanza kazi. Na juu ya bamba, alilolisugua jana mpaka likang'aa, kulikuwa na vumbi jipya la mbao.

Alimwendea mumewe, aliyekuwa mezani anakula. Mumewe alikuwa fundi viatu, kiziwi tangu kuzaliwa, na nyumba ile ilisema kwa mikono. "Umegusa msumeno?" akamuuliza kwa vidole.

"Mimi? Nina viatu arobaini vinanidai," mumewe akajibu, akitafuna. "Labda panya wamejifunza ufundi."

Wakacheka, yakaisha.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu nyumba hiyo, msije mkanilaumu baadaye. Palikuwa na mwiko mmoja tu: humshiki mtu mikono anaposema. Ugombane, unune, utoke ubamize mlango usiosikika, sawa. Lakini kumshika mwenzako mikono katikati ya maneno ni kumziba mdomo. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa hakuna aliyewahi kumfanyia mwenzake.

Na wifi mtu je? Huyo alikuwa karani wa posta, dada pekee wa fundi viatu, na kabla kaka yake hajaoa, yeye ndiye aliyekuwa ulimi wake duniani. Kumuuzia viatu, yeye. Kumpeleka hospitali, yeye. Hata posa ya mkutubi aliifikisha yeye, huku akitafsiri na kuongeza chumvi. Kila Jumamosi alikuja, wakakaa watatu uani na misumeno yao, wakikata ndege, majina ya watoto wa watu, vishikizo vya vitabu, wakitaniana mpaka jua linazama.

"Wifi, hiyo plaiwudi unaikata au unaitafuna?"

"Naikata kama ulivyonifundisha. Kosa si langu."

Walijuana kazi zao kwa vitundu. Ukitaka kukata dirisha katikati ya ubao, lazima kwanza utoboe tundu la kuingizia wembe, na kila mkataji ana pake. Fundi viatu hutoboa katikati kabisa. Mkutubi hutoboa pembeni, kwa woga. Wifi hutoboa vitundu viwili pacha, kimoja karibu na kingine, kwa sababu miaka ile ya kwanza wembe ulimkatikia tunduni akaapa kuwa na akiba daima. Hata ungemfumba macho fundi viatu, kidole gumba chake kingekwambia kazi hii ya nani.

Mwaka huo wifi akaanza kufa ganzi. Kidole cha mwisho, kisha cha pete, kisha cha kati, mpaka mkono wa kulia ukawa wa bure na wa kushoto ukaanza kufuata. Alisema ni baridi yabisi. Jumamosi alikuwa anakaa tu, anatazama mikono ya kaka yake ikisema, naye hawezi kujibu hata neno, machozi yanamlengalenga. Ndipo akauleta msumeno wake mzuri, ule mzito wa chuma, alioununua kwa mtu aliyekuwa anahama mji.

"Mikono yangu imeshagoma, wifi yangu. Chukua wewe. Nitafurahi ukikaa kwako."

"Jamani! Ahsante sana, wifi."

"Sema tena."

"Ahsante! Ahsante! Unataka nipige magoti?"

Wakakumbatiana. Na kabla hajaondoka alimwambia aweke viganja vyote viwili juu ya karatasi, akavizungushia penseli kwa taabu, kidole baada ya kidole. Ati vidole vikimrudia atamkatia pambo la mlangoni. Mkutubi aliona ni mapenzi. Wewe ungeona nini?

Wiki mbili hazikuisha, vidole vya wifi vikapona. Dawa mpya, alisema. Wakafanya na karamu. Kesho yake aliomba arudi kuutazama msumeno, aulainishe kwa mafuta yeye mwenyewe, maana anaujua. Wakamwachia chumba.

Basi tangu Jumatatu ile wembe haukulegea tena. Mkutubi anaulegeza, anaukuta umekazwa. Akautoa kabisa, akauweka kwenye kopo la biskuti, akaukuta umerudi mahali pake. Halafu ikaja harufu, ya mbao iliyoungua kwa wembe butu na ndani yake kitu kama nywele zilizoshika moto, na ilikuja saa nane za mchana, jua linawaka, mtaa umelala, watoto wako shule. Mkutubi alikuwa anakunja nguo chumbani. Akasikia. Ting. Kimya. Ting. Kama mtu anayejaribu wembe, hajaridhika, anakaza kidogo, anajaribu tena.

Alikwenda kumvuta mumewe aliyekuwa amejilaza, akampeleka mpaka ukuta wa chumba cha uani, akakibandika kiganja cha mumewe ukutani. Mumewe asiyesikia ngurumo alisimama pale, na rangi ikamtoka usoni.

"Mashine inafanya kazi," akasema kwa mkono wa pili. "Nani yuko ndani?"

Mkutubi alinyanyua waya kumwonyesha, kwa sababu aliuchomoa wote tangu asubuhi, ukutani na kwenye msumeno, na alikuwa ameuzungushia mkononi.

Siku hiyo ndipo kidole chake cha mwisho kilipokufa.

Kilikuwa kizima ukikitazama, ila baridi, wala hakiinuki. Baada ya siku tano kikafuata cha pete. Hospitalini wakamchoma sindano, wakampiga picha, wakamwambia mama, huna ugonjwa. Nyumbani maneno yake yakaanza kupungua mikononi. Akiomba chumvi, mumewe analeta mkasi. Mara ya kwanza walicheka mpaka wakashika mbavu. Mara ya pili mumewe alicheka peke yake. Mara ya tatu hakucheka mtu, na mkutubi alisimama jikoni akisema kwa mdomo, kwa sauti, mambo yote aliyotaka kumwambia mumewe aliyempa mgongo, na mumewe akaendelea kukata vitunguu hana hili wala lile.

Na mchana ule aliopiga moyo konde akafungua mlango wa uani saa nane, akaona wembe unapanda na kushuka pasipo umeme wala ubao, na vumbi linaanguka taratibu kutoka hewani, kutoka kwenye kitu kisichoonekana kilichokuwa kinakatwa pale, akahisi kidole chake cha shahada kinatekenywa kwanza, kisha kinachomwa, kisha hakihisi chochote, na ile harufu ya nywele inamwingia puani mpaka kooni, akajua pasipo kuambiwa na mtu kwamba kinachokatwa ni yeye.

Kulikuwa na mzee mmoja mnoa misumeno, hupita mitaani na jiwe lake juu ya baiskeli. Mkutubi alimwita siku mumewe yuko kibandani kwake kwa viatu. Mzee akaingia uani akipiga mluzi. Alipokaribia mashine mluzi ukakatika. Akanusa. Akaficha mikono mifukoni.

"Mama, hii imefikaje hapa?" akanong'ona.

"Nilipewa zawadi."

"Ukashukuru?"

"Nani asiyeshukuru zawadi, mzee wangu?"

Mzee akatikisa kichwa. "Sema polepole, anatusikia. Humu mna jini wa kazi. Hana mikono, basi anachukua ya watu. Nimemwona mara moja, kwenye randa ya seremala mmoja. Humfukuzi, humuuzi. Ukimchoma moto, vidole alivyokwisha chukua havirudi. Anahama kwa shukrani tu. Atakayeshukuru kwa chombo hiki kwa moyo, kwa kauli yoyote ile, ya mdomo au ya mikono, anakuwa wake, na wa kwanza anaachiliwa."

"Aliyenipa hakujua."

"Alijua. Lazima jini aonyeshwe mkono anaouendea, kama haukumshukuru wenyewe. Tazama chini ya bamba."

Mzee alifunga leso kiganjani, akafungua skrubu nne kwa bisibisi. Chini ya bamba, kwenye mafuta, palikuwa na mikono miwili ya mbao, wa kushoto chini na wa kulia umelala juu yake. Vidole vilikuwa vya mkutubi, hata kile cha shahada kilichopinda tangu utotoni. Katikati ya kila kiganja palikatwa dirisha dogo la duara. Pembeni mwa kila dirisha, vitundu viwili pacha.

Mkutubi alikaa chini sakafuni. Hakulia. Alikumbuka kalamu ya penseli ikimzunguka vidole, na wifi akisema, tulia mpenzi, usitikisike. Kumbe alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa! Miaka kumi na miwili ya kula sahani moja. Kilichomuuma zaidi ya vidole ni lile neno, mpenzi.

"Usimwambie mumeo njia ya kuhamisha," mzee alisema akiinua baiskeli yake. Hakuhitaji kuambiwa. Alimjua mumewe.

Jumamosi wifi akaja, akauacha mfuko wake sebuleni, mcheshi, vidole vyake vinacheza hewani kama zamani. Mkutubi wakati huo alikuwa amebakiwa na gumba la kushoto. Alimsubiri akae nao chumba cha uani, kando ya msumeno, kisha akausukuma mmoja wa ile mikono ya mbao kwa kiwiko mpaka mbele ya mumewe.

Fundi viatu akauchukua, akaugeuza. Akaulinganisha na mikono ya mkewe. Gumba lake likapita kiganjani, likakuta tundu, likakuta la pili. Likasimama.

Alipoinua macho, dada yake alikuwa ameshaanza kusema kwa kasi, vidole vinapishana, si hivyo, nisikilize, si hivyo. Kaka yake akamshika mikono yote miwili. Akaikamata viganjani mwake, akaizima. Salaale! Wifi alitoa mguno kama aliyepigwa kofi, akamgeukia mkutubi, akasema kwa mdomo ili kaka yake asisikie.

"Wewe una sauti. Una maktaba yako, una rafiki zako. Mimi nilikuwa naye yeye tu, na nilikuwa siwezi kumwambia hata habari za asubuhi. Ungefanya nini?"

"Nisingekuita mpenzi," mkutubi akasema. "Toka nyumbani kwangu."

Akaenda sebuleni kuusukuma nje mfuko wa yule mwanamke kwa mguu. Haikufika hata dakika. Aliporudi, mikono ya wifi ilikuwa imeachiwa, na ilikuwa inamalizia kusema kitu, na fundi viatu alikuwa anaitazama kwa makini kupita kiasi.

"Umemwambia nini?"

"Ukweli," wifi alinong'ona, akirudi nyuma kuelekea mlangoni. "Kaniuliza unaponaje. Siwezi kumdanganya mara mbili."

"Mshenzi wewe! Alikuwa hajui!"

Fundi viatu alikuwa ameshaugeukia msumeno. Aliweka kiganja kifuani, akakifungua mbele, polepole, na uso wake wote ulikuwa ndani ya neno lile. Ahsante. Mkutubi alipiga ukelele ambao mtaa mzima uliusikia, isipokuwa aliyepigiwa.

Wembe ukalia wenyewe. Ting.

Joto likamwingia mkutubi kidole cha mwisho. Kisha cha pete. Vikafunguka kimoja kimoja, vyote tisa, vinawasha, vinaishi. Wifi alikwisha toka mbio. Mumewe alikuwa anatabasamu, anataka kumwambia neno, na lile neno likatoka limekatika, kwa sababu kidole chake cha mwisho hakikuinuka. Alikitazama. Akajaribu tena.

Mtu mwenye mdomo akipoteza mikono anabaki na mdomo. Huyu angebaki na nini?

Mkutubi akainua mkono wake mzima kuupeleka kifuani, amshukuru yule mdudu ili arudi kwake, amwache mumewe. Haukufika. Mumewe alimdaka mikono, akaishika yote miwili, kwa mara ya kwanza tangu amuoe, akatikisa kichwa: hapana, hapana. Kidole kimoja kati ya vile vilivyombana kilikuwa baridi. Alivuta. Hakuachiliwa. Alilia, akavuta tena kidogo, halafu akaacha kuvuta.

Nyuma yao wembe ukajikaza, ukajijaribu, ukajikaza.

Mikono ilikuwa imeshikwa, ni kweli, na ndivyo anavyowaeleza watu mpaka leo. Lakini siku wifi alipompa msumeno alishukuru kwa mdomo, na mdomo wake siku ile hakuna aliyeushika. Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Hakulisema.