Ishirini na Moja Haijibu

Barua ya kunifuta kazi niliisoma kabla sijapewa!

Ilikuwa bado kwenye mashine ya Nduku, karani wetu wa taipu. "Bwana Musau, kuanzia Ijumaa..."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Thika, mwaka 1994.

"Nduku! Ni wewe unaipiga hii?"

"Ningefanya nini, Baba Kavata? Gichuru alinisimamia kama askari jela."

Marafiki, nisikilizeni. Pale kiwandani nilikuwa opareta wa simu miaka kumi na mmoja. Aliyetaka laini ya nje alipitia kwangu. Ndipo zikaja simu mpya. Gichuru, meneja wetu, akaniagiza niingize nambari themanini tunazopiga kila siku, kila moja niipe nambari fupi ya kutumiwa na ofisi nzima bila kupitia kwangu.

"Maliza hiyo, Musau, nikupandishe cheo."

Cheo! Kumbe nilikuwa najichimbia kaburi, tarakimu kwa tarakimu!

Baada ya kuiona barua ile, Shetani akaninong'oneza nizivuruge zote.

Nikakataa. Sikusoma shule ya ngumbaru usiku miaka minne, na watoto watatu nyumbani Makongeni, ndio nije kuandika uongo. Nilizikagua mara mbili.

Ijumaa, Gichuru akaikusanya ofisi nzima. Akabonyeza 21, kampuni ya malori kule Ruiru. Magunia yetu yalikuwa yanangoja kubebwa.

Ikaita... ikaita... kimya.

"Musau! Umeniwekea nambari gani hii?"

"Ni sahihi, bwana."

"Umeniharibia makusudi! Barua ya sifa, sahau! Tuone nani atakuajiri."

Hapo ndipo niliumia. Bila barua hiyo, jina langu limekwisha.

Nikaenda Ruiru mwenyewe.

Langoni nikamkuta mama mmoja ameketi juu ya katoni, mkoba mapajani. Ndani ya ofisi, simu inalia.

"Habari, mama. Namtafuta Nelima wa simu."

Akashtuka. "Hiyo sauti... Thika! Wewe ni Musau?"

Miaka kumi na mmoja tunasalimiana kila asubuhi, na hatujawahi kuonana!

"Nilidhani wewe ni mrefu," akasema.

"Mbona hushiki simu?"

"Nishike kama nani? Jana nilimaliza kuwawekea nambari fupi. Leo asubuhi wakanipa barua, na hakuna aliyeachiwa kazi ya kushika simu."

Simu bado inalia.

"Ingia ushike wewe," akasema Nelima. "Mimi hawanitaki mle."

Nikaingia. Nikainua.

"Ruiru hapa, nikusaidie?"

"Hatimaye! Nimepiga mpaka kidole kimechoka! Ni nani?"

"Ni Musau, Bwana Gichuru. Umebonyeza ishirini na moja, na imefika."

"Musau... yaani umeshapata kazi huko?"

"La, bwana. Hata hapa wamemfuta opareta wao."

Barua ya sifa niliipata Jumatatu. Kazi sikurudishiwa.

Vijana, anayekufukuza asikufundishe kufanya kazi mbovu. Siku ukisingiziwa, wakili wako atakuwa ile kazi uliyoifanya vizuri ukiwa na hasira.