Mzigo Usiopokelewa

Kila asubuhi kijijini Mkunya, Shamila alipomaliza kufagia uwanja, alimkalisha bibi yake mkekani na kumwekea kishikwambi mapajani. Bibi Fatu alikuwa amepigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala kama wa mtu mwingine. Dokta Yuster, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliwaazima kishikwambi chenye mchezo: matunda yanadondoka, mgonjwa anasogeza kikapu kwa kidole ayadake. Kidole kikisogea, mkono unajifunza upya.

Kidole hakikusogea.

“Jaribu tena,” ilisema sauti ya kishikwambi.

“Mabibo gani haya yasiyookoteka?” Bibi alinung’unika. “Nimeokota mabibo chini ya mikorosho tangu utotoni, leo nashindwa na ya kwenye kioo.”

Hata kula alikuwa hali. Wenzake walikula kwa mkono wa kulia, kama walivyofunzwa, naye alikataa kutumia wa kushoto. Kulishwa alikataa pia. “Mimi si kinda,” alisema, akageukia ukutani. Mifupa ya mabega ikaanza kuchomoza chini ya kanga.

Shamila alikuwa mtoto mwenye adabu. Akimwona mkubwa na ndoo, huipokea kabla ya kuombwa. Basi siku Bibi alipotokwa machozi, alisema, “Lete, Bibi, nikupokee.” Akacheza yeye.

“Hongera sana,” ikasema sauti. Bibi akafumba macho, akashukuru. Ikawa ndiyo desturi yao.

Wasichokijua ni kwamba pointi zikipanda, mchezo nao huongeza kasi. Siku Bibi alipotaka kujaribu mwenyewe, matunda yalimiminika kama mvua ya mawe. Akakisukuma kishikwambi.

“Mkono huu umekufa. Uzikeni tu.”

Dokta Yuster alipokuja, alitazama pointi akatabasamu. “Hongera, Bibi. Sasa nitakichukua, kuna mzee kule kijiji cha Chiwata anakingoja.” Akampa Bibi kikombe cha chai akishike kwa mkono wa kulia. Kikaanguka, chai ikalowesha mkeka.

Dokta alikunja uso. “Pointi zinasema mkono mzima. Au kiharusi kimerudi?”

Bibi aliinamisha kichwa. Shamila alikitazama kishikwambi. Akinyamaza, kishikwambi kinaondoka, na mkono unabaki vile vile. Akisema, ataonekana mwongo.

“Dokta, nilikuwa nacheza mimi,” alisema. “Nilimwonea huruma.”

“Tulikuwa wawili,” Bibi akasema.

Dokta Yuster alikishika kishikwambi. Kisha akaurudisha mchezo mwanzo kabisa, ambako tunda moja hudondoka polepole. “Mngeniambia hawezi, ningepunguza kasi mapema,” alisema. “Kishikwambi kibaki. Lakini anacheza Bibi peke yake.”

Mabibo yalipoanza kuiva mashambani, mkono ulikuwa bado mzito. Mchana mmoja, bila kumwambia mtu, Bibi aliuburuta hadi kwenye ugali, akamega tonge. Nusu ilidondoka njiani. Shamila alinyoosha mkono amsaidie, kisha akaurudisha. Nusu iliyobaki ikafika mdomoni.

Bibi alitafuna taratibu.

“Mjukuu wangu,” alisema, “mkubwa mpokee ndoo, mpokee na kuni. Lakini kazi ya kujiponya usimpokee, wala usimfichie daktari ukweli. Ukifanya hivyo, hujamsaidia; umemwacha njiani.”

Akaupeleka mkono tena kwenye ugali.