Waya wa Shaba na Mayai ya Mama Suzana

Kila alipotoka shule, Lukresia hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita Majengo, kwenye safu ya maduka yaliyochipuka tangu biashara ilipoachiwa huru, akakata kona kwenye duka la Mama Pamela la vitenge na sabuni, akaingia uani. Hapo alivua viatu, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa taulo lililoanikwa kambani, halafu akasimama kidogo mbele ya mlango wa chumba cha nyuma. Alisimama kwa sababu moja tu: aliogopa kuingia.

Ndani ya chumba hicho kulikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga, mali ya kikundi cha akina mama ambacho Mama Pamela alikuwa mwenyekiti wake. Ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Mbele ilikuwa na kidirisha cha kioo, juu taa nyekundu, na ubavuni kisanduku cha plastiki ambamo, kwa maneno ya fundi Mussa, mtengeneza redio wa ng'ambo ya barabara, mlikuwa na kompyuta ndogo. Kompyuta hiyo haikuwa na kioo wala vitufe vya kuandikia. Kazi yake ilikuwa kulinda joto. Joto likipungua, iliwasha koili, waya wa kupashia moto, na taa nyekundu ikawaka. Joto likizidi, ilizima koili na kuwasha feni. Na kila baada ya saa moja ilizilaza trei za mayai upande mwingine, kama kuku anavyoyageuza mayai yake kwa mdomo, ikinguruma bila mtu yeyote kuigusa.

Kunguruma huko ndiko kulikomtisha Lukresia, na rafiki yake Zena alizidi kumtia hofu.

"Kitu kinajiwasha chenyewe, kinajizima chenyewe, halafu unakaa nacho chumba kimoja?" Zena alimwambia siku hiyo njiani. "Siku moja kitakushika mkono."

"Ni kompyuta tu, Zena."

"Haya, kompyuta. Mbona sasa unatembea polepole?"

Kazi yenyewe haikuwa nzito. Alitakiwa kumimina maji kwenye mrija wa nje, kusoma kipimajoto cha kioo kupitia kidirishani, na kuandika namba kwenye daftari. Namba nzuri ilikuwa thelathini na saba na nusu. Mlango wa mashine hakuruhusiwa kuufungua hata mara moja.

Fundi Mussa alimweleza siku ya kwanza kabisa. "Hii mashine haioni wala haisikii, binti yangu. Unaona huu waya wenye ncha ya shaba, unaoning'inia katikati ya mayai? Hiyo ncha ndiyo ngozi yake. Inachohisi hapo ndicho inachokijua, na inachokijua ndicho inachokifanyia kazi. Kingine haijui."

Sasa, akina mama wa kwetu wana desturi yao. Mayai ya kuatamiwa hutiwa alama ya mkaa, ili kuku akitaga mengine juu yake, yasichanganyike. Fundi Mussa alicheka sana alipoona mayai yote yamechorwa. "Mashine haitagi, mama zangu," alisema. Lakini walichora vilevile, kila mmoja alama yake. Bibi Natalia, aliyemlea Lukresia, alichora mistari miwili. Mama Suzana alichora msalaba. Na Lukresia alikuwa amefundishwa na bibi yake tangu mdogo kwamba alama ikififia, huna budi kuirudishia upesi.

Siku hiyo ilikuwa ya kumi na sita tangu mayai yaingie. Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi iliyoshuka kutoka milima ya Matogoro ilikuwa imekaa chumbani humo kama maji mtungini. Lukresia alichungulia kidirishani, akaona yai la mbele la Mama Suzana limebaki na alama nusu. Unyevu ulikuwa umeufuta msalaba.

Moyo ulimwuma. Wiki moja baada ya Mama Suzana kuleta mayai yake thelathini, ugonjwa wa kideri ulipita mtaani kwao ukamaliza kuku wake wote, mpaka jogoo. Mama yule alikuwa mjane, na kuku hao ndio waliomsomeshea watoto. Sasa mbegu yake yote ilikuwa ndani ya mashine hii.

Lukresia aliokota kipande cha mkaa penye jiko la uani. Akarudi, akavuta mlango wa mashine, akaingiza mkono. Alikuwa hajamaliza mstari wa kwanza trei zilipoanza kunguruma na kulala, taratibu, zikiusogelea mkono wake.

 Akauvuta mkono kwa nguvu, mkono wa sweta ukanasa kwenye kitu, akavuta tena, akausukuma mlango kwa bega mpaka ukafungika. Alipotazama chini, aliona ncha ya shaba inaning'inia nje, ubavuni mwa mashine, kwenye baridi.

Alijua kwamba anatakiwa kuirudisha. Lakini kuirudisha kulimaanisha kufungua tena. Akajiambia kuwa atangoja kidogo.

Taa nyekundu iliwaka. Kwa kawaida iliwaka kidogo ikazimika, ikawaka tena ikazimika, kama mtu anayepepesa jicho. Safari hii iliwaka na kubaki. Lukresia alisoma kipimajoto. Thelathini na nane. Alingoja, akahesabu mpaka mia tano kwa sauti ya chini. Thelathini na tisa.

Hapo alielewa. Mashine ilikuwa ikihisi baridi ya chumba ikidhani ni baridi ya mayai, na ilikuwa ikijitahidi kuyapasha. Ingejitahidi hivyo mpaka mayai yaive.

Nje zilisikika kandambili. Lukresia aliruka akasimama na mgongo wake ubavuni mwa mashine, waya ukiwa nyuma ya sketi, akashika daftari. Mkono uliandika wenyewe: thelathini na saba na nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Pamela aliingia akifunga kitenge vizuri kiunoni. "Watoto wangu hawajambo humo?"

"Hawajambo."

Mama Pamela alichukua daftari akasoma. Hakutazama kidirishani. "Vizuri. Mimi nawahi stendi, kuna magunia ya chakula cha vifaranga yanakuja na basi la Namtumbo. Mbona unatetemeka?"

"Baridi, mama."

"Jifunike vizuri. Ukiandika wewe mimi sina wasiwasi." Akatoka.

Sauti ya kandambili ilipopotea, Lukresia alihisi kama amefungiwa na mnyama. Alitazama kioo. Arobaini. Alishika kitasa cha mlango, kilikuwa cha moto, mkono ukakataa kuvuta. Nyuma ya kioo aliyaona mayai yenye misalaba, mstari mzima, yametulia tu. Alifikiria viboko. Alifikiria bibi yake atakavyoitwa mbele ya kikundi. Halafu alifikiria kwamba ndani ya kila yai sasa kuna kifaranga mwenye macho na mdomo, na kwamba duniani hakuna mtu mwingine anayejua kinachowapata.

Alitoka mbio bila viatu, akavuka barabara mpaka kwenye kibanda cha fundi Mussa, aliyekuwa ameinamia redio iliyofunguliwa kifuniko.

"Fundi, nimefungua mashine. Waya umetoka nje."

Fundi Mussa aliinua kichwa. "Daftari linasemaje?"

"Nimeandika thelathini na saba na nusu."

"Na kweli ilikuwa ngapi?"

"Thelathini na tisa. Sasa ni arobaini." Kisha akaongeza, "Nimeandika uongo."

 Fundi aliweka chini chuma cha kulehemu, akakimbia.

Walipofika, kipimajoto kilionyesha arobaini na moja. Fundi alizima umeme ukutani, akafungua mlango wazi, na mvuke wa moto ukawapiga usoni. "Chukua ungo, pepea. Usiache mpaka nikwambie." Lukresia alipepea mpaka mabega yakawaka moto. Joto liliporudi chini, fundi aliirudisha ncha ya shaba mahali pake na kuwasha mashine. Taa ikawaka, ikazimika, ikawaka.

Kisha alifunga dirisha la chumba, akatoa tochi. Mama Pamela aliporudi kutoka stendi aliwakuta hivyo, gizani, akauliza kuna nini, na Lukresia akamweleza yote mwenyewe, hata kuhusu daftari. Mama Pamela alikaa juu ya kigoda, akamtazama fundi akifanya kazi. 

Fundi alimulika yai la kwanza lenye msalaba. Ndani palikuwa na kivuli cheusi, kimetulia. Alisubiri. Kivuli hakikusogea. Akaliweka pembeni. La pili nalo lilitulia. La tatu kivuli kilijinyonga, mara moja, kama mtoto anayejigeuza usingizini.

"Alhamdulillahi," fundi alinong'ona.

Walimulika yote. Katika mayai thelathini ya Mama Suzana, saba yalikuwa yamekufa. Trei yake ndiyo iliyokuwa karibu na koili. Za wenzake zilipoteza machache tu.

"Vaa viatu," Mama Pamela alisema mwishowe. "Tunakwenda kwake. Utamwambia wewe, mimi nitasimama nawe."

Mama Suzana alisikiliza akiwa na mwiko wa ugali mkononi.  "Basi hao ishirini na watatu uwaangalie kama wako," alisema, akarudi jikoni. Hakumkaribisha kukaa.

Siku tano baadaye maganda yalianza kupasuka. Vifaranga ishirini na mmoja wa Mama Suzana walitoka hai, wamelowa, wakilia; mayai yake mawili hayakupasuka. Mama Suzana aliwapokea kwenye boksi lenye majani makavu, akawahesabu mara mbili, akampa Lukresia mmoja amshike.

Mama Pamela alimwita karibu Lukresia pamoja na Zena, aliyekuja kuona vifaranga.

"Mashine hii mliiogopa bure," alisema. "Haina nia mbaya. Ilifanya kazi yake yote siku ile, lakini ilikuwa imepewa habari ya uongo, ndiyo maana ikaunguza ilichotaka kulinda. Na mimi nikapewa habari ya uongo kwenye daftari, nikaenda zangu stendi. Waya ulitoka kwa bahati mbaya, hilo ningekusamehe palepale. Ulichoandika hakikuwa bahati mbaya. Lakini hawa wanaolia hapa wapo kwa sababu ulikimbia kusema kweli ukiwa bado unaogopa. Mtu hangoji hofu iishe ndipo aseme kweli, Lukresia. Akingoja, mayai yanaiva."