Nyumba Kiziwi ya Muhannad

Sikilizeni, majirani, nanyi mlio mbali mnaodhani haya hayawahusu. Hapa mtaani kwetu Basra ilikuwapo nyumba yenye amani, na amani hiyo ilivunjwa na mwenye nyumba mwenyewe, mchana kweupe, huku akipigiwa makofi.

Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, asubuhi, Nidhal alikuwa amekaa sakafuni na mama mkwe wake, Hajia Sabiha, wakikata vikonyo vya bamia. Hajia alikuwa na mrija puani. Mapafu yake yaliliwa na moshi wa visima vya mafuta, mafuta ambayo hajawahi kuona faida yake, na daktari alikuwa amesema bila kuficha: mashine ya oksijeni ikizimika kwa nusu saa, msiniulize mimi, mwulizeni mchimba kaburi. Lakini asubuhi ile mashine ilikuwa ikinguruma vizuri pembeni, na Hajia alikuwa akimsengenya jirani kwa furaha.

Mara umeme wa serikali ukakatika.

"Haya, kuku wangu, kimbieni!" Hajia akacheka.

Wakakimbia. Dakika hiyo kila nyumba ya mji wetu inaijua. Baina ya umeme wa serikali kuondoka na wa jenereta ya mtaa kuingia kuna dakika moja, na ndani yake lazima uzime kila kitu kizito, yaani kinachokula umeme mwingi. Nidhal alizima viyoyozi, binti yake Tayba akazima hita ya maji ya kuoshea na pampu ya kisima, na mumewe Muhannad akapiga kelele "Tayari!" bila kugusa chochote. Muda wote huo betri kubwa iliyokaa chini ya ngazi iliishikilia mashine ya Hajia. Kisha jenereta ikaja na ampea zao saba, kiasi cha umeme walicholipia. Ukizidisha hapo breka inaruka na kukata umeme, na breka hiyo haiko kwako. Iko uani kwa mwenye jenereta, katika kabati lenye kufuli, na mpaka yeye ainyanyue, utakaa na joto la nyuzi hamsini ukimwita Mola wako.

Nakumbuka kila kiangazi tulichoambiwa kuwa ndicho cha mwisho cha kukimbia namna hii. Nakumbuka na sauti za waliotuambia. Tunakanyaga mafuta kwa miguu yetu, na bado tunakimbizana na swichi! Hilo tutalirudia. Lakini msiba wa nyumba hii haukutoka kwa wakubwa peke yao.

Muhannad aliuza suti za maharusi sokoni, na kazi hiyo ilimfundisha kuamini kuwa mtu ni sura yake. Siku moja alimtembelea binamu yake, akakuta nyumba inayotii sauti. Alirudi kwake mgonjwa.

"Mama Tayba, sisi tunaishi kama mbuzi," alisema hata kabla ya kuvua viatu. "Mwenzetu anatamka neno tu, pazia linafunguka. Mimi kutwa nakimbilia swichi."

"Wewe?" Nidhal akamtazama. "Unakimbilia swichi ipi, Baba Tayba? Nionyeshe, niibusu."

Tayba akaficha uso kwenye mto.

Wiki haikwisha, akaja Wathiq, ambaye mbele ya jina lake aliweka neno mhandisi. Alinukia manukato kuliko duka la manukato. Alitandaza mezani vioo vidogo vyeusi vya kunasa sauti, akasema, "Nyumba yenu itapata akili, ndugu yangu. Swichi za ukutani tutazing'oa, matundu tutayaziba kwa plasta. Utasema tu, na nyumba itasikia."

"Na umeme ukikatika?" Nidhal akauliza.

"Dada yangu, mfumo huu unatumika Ulaya."

"Sikukuuliza unatumika wapi. Nimekuuliza, umeme ukikatika?"

Wathiq akamgeukia Muhannad, akatabasamu lile tabasamu la wanaume wanaoelewana. "Shemeji ana hofu. Wanawake na teknolojia, unajua tena."

Mnaona? Hakujibu. Swali halali liliulizwa mara mbili katika nyumba yenye mgonjwa, na likamezwa na kicheko. Watu wa aina hiyo nawajua. Walituuzia dawa zilizokwisha muda wake kwa tabasamu lilelile.

Swichi ziling'olewa, matundu yakazibwa, na fedha za kumlipa Wathiq zilipopungua, Muhannad aliiuza betri ya chini ya ngazi pamoja na inveta yake, kifaa cha kugeuza umeme wa betri utumike nyumbani. "Nitanunua nyingine baada ya Idi," alisema. Nidhal alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hajia, ambaye pumzi yake ndiyo iliyouzwa, alimwambia amwache, kwa sababu mwana ni mwanawe.

Ijumaa iliyofuata wakaalikwa jamaa. Kulikuwa na samaki zubeidi juu ya wali, na Muhannad alikuwa amevaa suti ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Ewe nyumba, fungua mapazia!"

Mapazia yakafunguka. Makofi.

"Ewe nyumba, poza sebule, poza vyumba!"

Viyoyozi vyote vikawaka. Ami yake mzee akasema, "Iambie iniletee chai, na initafutie mke kabisa," na watu wakaangua kicheko.

Umeme wa serikali ukakatika. Mashine ya Hajia ikanyamaza, kwa kuwa betri haikuwapo tena. Nidhal akaruka kwenda kwenye swichi kama alivyozoea miaka yote, mkono wake ukapapasa plasta tupu. Tayba naye akapapasa. Walikuwa na dakika moja, na ukuta haukuwa na kitu cha kushika.

"Ewe nyumba, zima viyoyozi!" Muhannad akasema. "Ewe nyumba! Zima!"

Nyumba ilikuwa kiziwi. Vioo vile havikuwa vikizungumza na taa wala na kiyoyozi. Vilipeleka neno kwenye mtandao, likaenda hadi kompyuta ya kampuni fulani nchi ya mbali, ndipo likarudi. Na mnara wa mtandao wa mtaa ulikuwa umezimika pamoja na mtaa. Jenereta ilipoingia, kila kitu kilichokuwa kimewaka kiliwaka tena kwa pamoja: viyoyozi vitatu, hita, pampu. Ampea saba! Breka ikaruka sekunde ileile.

"Muhannad, mwanangu," Hajia akasema taratibu, "sipati... pumzi."

Nidhal alikwenda kwenye sanduku kuu la umeme mlangoni, akashusha breka zote za ndani isipokuwa ile ya mashine. Kisha akatoka mbio bila viatu kwenye lami ya adhuhuri, hadi uani kwa Haji Shnawa, mwenye jenereta.

"Haji! Hajia Sabiha ananifia mikononi!"

Mzee yule, ambaye tumemlaani sote kwa bei zake, hakuuliza neno. Alivunja kufuli lake mwenyewe kwa spana kwa sababu ufunguo alikuwa nao mwanawe msikitini, akainyanyua breka. Nidhal aliporudi, midomo ya Hajia ilikuwa imegeuka rangi ya bilinganya. Mashine ilikuwa imeanza kunguruma. Wakampeleka hospitali, akalazwa siku tano.

Katika ujia wa hospitali Muhannad alilia akiwa bado amevaa suti yake. "Nilitaka tu watu waseme..."

"Wamesema," Nidhal akamjibu.

Wathiq alipopigiwa simu alisema kosa ni lao, walipaswa kununua kifurushi cha pili, cha bei ya juu. Hapo Nidhal akachukua simu mkononi mwa mumewe, akaikata, akaamua kuwa akili ya nyumba yao ataitengeneza mwenyewe.

Nidhal ni binti wa fundi redio. Miaka ya vikwazo, dunia ilipotunyima hata vipuri, baba yake alifufua redio za mtaa mzima kwa waya za kuokota, na yeye alimshikia tochi. Hakusoma uhandisi. Anafundisha hesabu shule ya msingi. Alikwenda soko la vifaa vya umeme, akarudi na kikompyuta kisichozidi ukubwa wa kiberiti, bei yake chini ya sinia la samaki walilowalisha wageni. Aliongeza rilei nne, ndizo viswichi vinavyoamrishwa na kompyuta, na pete ndogo ya kupimia umeme unaopita katika waya. Nyumbani kulikuwa na laptopu ya zamani ya Tayba, kioo kimepasuka. Hiyo ikawa daftari lao la kuandikia amri.

Alianza na taa moja ya ukumbini, akatumia siku nne nzima.

"Taa?" Muhannad akashangaa. "Siku nne, taa moja?"

"Vioo vyako viliwekwa kwa siku moja. Unataka nifanye haraka kama hivyo?"

Akamshikia tochi. Tayba ndiye aliyepata kosa: mama yake aliandika amri ya kuwasha mahali pa kuzima. Taa ilipotii, wakakumbatiana kama walioshinda vita.

Halafu akaunganisha hita kwenye rilei ileile ndogo. Dakika kumi baadaye moshi ukatoka.

"Leo tunakula nini, binti yangu?" Hajia akaita kutoka chumbani. "Plastiki?"

Nidhal alilia kidogo, kisha akaibeba rilei iliyoyeyuka hadi kwa Haji Shnawa. Mzee akaigeuza mkononi. "Hiki ni cha taa, jicho langu. Mzigo mzito ipe kontakta, swichi nene ya kubeba umeme mwingi, kama hizi za kwangu. Kirilei chako kiiamrishe kontakta, na kontakta ibebe mzigo." Akampa tatu zilizotumika, akakataa malipo. "Ili usije tena kunivunjisha kufuli," akasema.

Muhannad naye hakukaa bure. Aliuza saa yake ya mkono, akanunua betri na inveta. Akachukua nyundo na patasi, akabomoa plasta kwa mikono yake ya kushika vitambaa, na kila swichi ikarudi ukutani. Mashine ya Hajia hawakuipitisha kwenye kompyuta hata kidogo. Ilichomekwa moja kwa moja upande wa betri, kwa sababu Nidhal alisema pumzi ya mtu haipewi mtumishi anayejifunza kazi.

Kompyuta, nayo ikilishwa na betri, ilipewa vitu vizito tu. Umeme wa serikali ukiondoka, inazima vyote kabla jenereta haijaja. Jenereta ikiingia, inawasha friji, inangoja, inawasha feni, inangoja tena, inawasha kipoza hewa cha maji, huku ikipima. Ikikaribia ampea saba inaangusha kimoja. Viyoyozi haivigusi mpaka umeme wa serikali urudi. Na yote hayo hufanyika ndani ya nyumba ileile, bila kuomba ruhusa ya mtandao wa mtu.

Ijumaa moja ya Agosti Hajia akasema, "Waiteni walewale."

"Mama, nakuomba," Muhannad akasema.

"Walewale! Waliniona nikifa, waje wanione nikila."

Wakaja. Hajia akaanza kuwasimulia jinsi punda alivyokula shada la maua siku ya harusi yake. Katikati ya hadithi, sauti ya viyoyozi ikakatika: umeme wa serikali umekwenda. Muhannad akainuka, jasho limemtoka.

"Kaa," Nidhal akamwambia.

Katika sanduku la mlangoni ikasikika tak, tak, tak. Viyoyozi vimezimwa. Mashine ya oksijeni haikukohoa hata mara moja. Dakika ikapita, jenereta ikanguruma upande wa pili wa mtaa. Friji. Feni. Kipoza hewa kikaanza kupuliza. Breka haikuruka. Na punda wa Hajia alikuwa bado anatafuna maua.

"Enhe," ami akasema, "mbona leo hamkimbii?"

Hajia akatazama huku na huku. "Kwani umekatika?"

"Mara tatu tangu asubuhi, Bibi," Tayba akasema.

"Na hamkuniambia! Ningeogopa bure!" Hajia akavuta pumzi nzima, pumzi ambayo hakuwa nayo kwa miaka, akapiga kigelegele kilichosikika kwa Haji Shnawa. Wageni wakasimama. Muhannad akauchukua mkono wa mkewe mbele ya watu wote, akaubusu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Tangu siku hiyo, kila Jumanne sebule ile inajaa wanawake wa mtaa na kompyuta zao zilizopasuka. Mjane mmoja amelinda friji ya insulini ya mwanawe. Mwingine ameweka kifaa kinachozima pampu tangi la juu likijaa. Na walipokuwa kumi na saba, walikwenda pamoja dukani kwa Wathiq, kila aliyelaghaiwa akiwa na vioo vyake mfukoni, wakavipanga mezani mbele ya wateja wake mpaka meza ikajaa. Nidhal akamwuliza swali lake kwa mara ya tatu: "Na umeme ukikatika?" Wateja wakageuka wote kumsikiliza mhandisi. Akajaribu lile tabasamu lake. Wawili walikuwa wameshatoa pochi, wakazirudisha.

FUNDISHO MNALOPASWA KUONDOKA NALO

Muhannad hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuonekana, na kiu hiyo ilikaribia kumwua mama yake. Kifaa chochote kinachoingia nyumbani mwako kiulize kwanza kitafanya nini siku mambo yanapoharibika, na muuzaji akicheka badala ya kujibu, mfungulie mlango atoke. Usiing'oe swichi ya ukutani kwa sababu umepewa inayong'aa zaidi. Akili ya nyumba ikae ndani ya nyumba, mikononi mwa walio ndani, na uhai wa mtu usitegemee kitu ambacho bado unajifunza.

Hamhitaji fedha nyingi. Anzeni na taa moja, hata ikiwachukua siku nne. Ikiungua, mwulizeni anayejua, hata kama ni yule mliyekuwa mkimlaani jana.

Nanyi wakubwa, msijifiche nyuma ya werevu wetu. Nidhal amefanya kwa vifaa vya kuokota kile mlichoshindwa kwa mapipa ya mafuta yasiyohesabika. Deni la umeme bado mnalo, na wanawake kumi na saba waliokwisha jifunza kuuliza swali moja mpaka lijibiwe, sasa wanaijua njia ya kufika ofisini kwenu.